Mwosha Matumbo ya Malori

Maji ndiyo aliyoyaamini. Baada ya siku mbili au tatu za kulala chali chini ya lori, akikwangua na kusugua, alichota maji safi, akayarusha kwenye chuma kwa kiganja, kisha akatulia kutazama. Maji yakijikunja kuwa matone, alisonya na kurudi chini, kwa sababu mafuta bado yalikuwepo hata kama jicho halikuyaona. Maji yakitandaa na kulowesha chuma chote sawasawa, alitoka kwa mgongo, akaketi, akajifuta uso na kuniambia, "Haya, Bwana Rangi. Sasa unaweza kudanganya bantu."

Bwana Rangi nilikuwa mimi. Nilipaka rangi malori katika gereji moja karibu na stesheni ya Kamina, katika miaka ile iliyofuata vita kuu ya pili, na yeye ndiye aliyeniandalia chuma. Wote tulimwita Baba wa Chini. Jina lake la ubatizo na lile la ukoo niliyajua, lakini sitayaandika hapa. Hakupenda hata kuitwa kwa sauti uani, seuze kuwekwa kwenye karatasi na mtu mwenye mdomo kama wangu.

Na mdomo ninao, sikatai. Nisingekuwa nao, picha hii ningeichora kwa namna nyingine.

Watu wengi hudhani kazi ya rangi ni rangi. Kipya kinyemi, na lori lililopakwa upya hulipiti bila kugeuza shingo. Wazungu walikuja, wakapitisha kidole mlangoni, wakasema "très bien", vizuri sana, nami nikafura kifua. Hakuna aliyewahi kuinama kutazama chini. Lakini mwulize mpaka rangi yeyote akuambie ukweli akiwa peke yake: rangi iliyopakwa juu ya grisi haimalizi masika. Inaanza kuvimba, halafu inabanduka vipande vipande, na kutu inaingia. Rangi zangu hazikubanduka. Nilisifiwa kwa hilo mpaka Kaniama, na sikumbuki kama niliwahi kusema ni kwa nini.

Malori yetu yalitoka Malemba-Nkulu na samaki, Kaniama na mahindi, Mulongo na samaki tena na mihogo. Barabara zote zilikuwa za udongo. Tope hushika grisi, grisi hushika vumbi, vumbi hushika tope jingine, na mwisho wake chini ya gari pana ganda nene kama la kobe. Baba wa Chini hakulikimbilia ganda hilo kwa chuma. Kwanza aligonga kwa gongo la mti, taratibu, kuanzia ekseli ya nyuma kwenda mbele, akisikiliza. Tope kavu lilianguka lenyewe. Ndipo akachukua kikwangulio chake, alichokitengeneza mwenyewe kutokana na springi ya lori iliyovunjika, akakwangua ile sehemu nyeusi yenye mafuta. Kilichobaki alikipaka mafuta ya taa yaliyochanganywa na majivu, akakiacha. Hapo ndipo Mzungu wa gereji alipokuwa akikasirika, kwa sababu alimkuta ameketi.

"Unalala?" aliulizwa.

"Hapana, Bwana. Grisi njo inalala. Ikiamuka, nitaitoa."

Kisha brashi ya waya, kisha maji ya moto yenye sabuni, kutoka kwenye pipa alilolipasha kwa kuni nyuma ya gereji, kisha vitambaa. Mipira ya breki aliifunga kwa matambara kabla ya kuanza, kwa uangalifu wa mtu anayefunga kidonda. Alipenda kusema, "Grisi inataka heshima sawa mukwe. Ukiivuta kwa nguvu, inakuaibisha mbele ya bantu." Tulicheka sana kwa msemo huo. Baada ya mwaka fulani hakuusema tena, na ilinichukua muda kugundua kwamba hausemi.

Alijua kusoma tope. Hilo si jambo la ajabu kwa mtu aliyelitazama kwa umbali wa shubiri moja maisha yake yote, lakini madereva waliogopa. Tope jekundu la njia ya Kaniama, mchanga mweupe wa kando ya Lualaba, tope jeusi la vinamasi vya Mulongo lenye vipande vya matete ndani yake: aliyatambua yote kwa kidole. Dereva mmoja aliapa mbele ya Mzungu kwamba alikuwa ametoka moja kwa moja kutoka Malemba. Baba wa Chini, akiwa chini, akasema bila kutoka, "Na hii tope ya Kaniama, ilikufuata na miguu?" Uani mzima ulicheka. Dereva yule alikuwa na mwanamke Kaniama, na kuanzia siku hiyo alikuwa akiosha gari lake mtoni kabla ya kuingia mjini.

Siku nyingine alikuta mche wa mahindi umeota juu ya ekseli ya nyuma. Punje ilikuwa imedondoka kutoka kwenye gunia, ikaangukia topeni, ikapata mvua njiani. Ulikuwa na majani mawili. Aliuchimbua kwa vidole pamoja na udongo wake, akauweka kwenye kivuli, na jioni akaenda nao nyumbani ameushika kwa mikono miwili. Nilimfanyia mzaha kwamba sasa ana shamba. Alinijibu kwamba kitu kilichosafiri vile kikiwa hai hakitupwi. Sijui kama ulizaa.

Usidhani alikuwa mpole. Alikuwa na hasira fupi na kali. Mara moja nilianza kupaka kabla chuma hakijakauka vizuri, nikamwambia jua ni kali, litakausha lenyewe. Aliichukua brashi yangu mkononi mwangu, akaitupa juu ya paa la gereji, akarudi kazini. Brashi ilikaa kule wiki nzima. Kwa vitambaa alikuwa bahili kupita kiasi: kitambaa kimoja alikifua mpaka kikawa uwazi mtupu, na ukikichukua bila kumwomba, hasemi nawe siku hiyo. Na yeye aliyejua malori kwa ndani kuliko tumbo lake mwenyewe, aliogopa kuyapanda. Alikuja kazini kwa miguu, na akipewa nafasi juu ya gari alikataa. "Minyi najua iko nini chini yake," alisema.

Na kulikuwa na usafi wake. Mtu aliyekaa kwenye grisi toka asubuhi ungetegemea awe na kucha nyeusi. Zake zilikuwa nyeupe kuliko zangu. Alikuwa akijisugua kwa mchanga na sabuni kila jioni kwenye lile pipa mpaka ngozi ikapauka. Jumapili alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaenda kanisani, akasimama nje karibu na dirisha. Alisikiliza misa yote akiwa amesimama pale, kisha akaondoka kabla watu hawajatoka. Mgeni angedhani ana majivuno.

Sisi tuliokuwa pale tulijua sababu, na sasa lazima niieleze.

Kwa Waluba wa huku, mtu akifiwa na mke, lufu, yaani kifo chenyewe, humkaa mwilini. Wa kumwondolea ni bukwe, watu wa upande wa mke. Wao humwosha kwa maji, humnyoa nywele, humpaka pemba, udongo mweupe, kifuani. Kuanzia hapo yuko huru kula na wenzake, kukaa na watu, kuoa tena akitaka. Kabla ya hapo bado ni mume wa marehemu, na ukila naye sahani moja unakaribisha kifo kwako. Mke wa Baba wa Chini alifia kwao Mulongo, na bukwe walikataa kumwosha. Basi akakaa hivyo, mwaka baada ya mwaka.

Nasi watu wa reli na gereji tulikuwa Wakristo, wengine tulizaliwa na wazazi waliokuja na reli kutoka mbali, hata si Waluba. Padri alipohubiri kwamba mambo hayo ni giza, tuliitikia kwa sauti kubwa. Jumatatu saa sita, kila mmoja alichukua chakula chake na kuketi mbali na Baba wa Chini. Mimi pia. Mke wangu alikuwa mtu wa sala asubuhi na jioni, lakini aliniambia wazi, "Uniletee muntu yeyote hapa kukula, lakini ule hapana." Sikubishana naye. Nilikuwa nimefarijika kwamba ni yeye aliyesema.

Mtu mmoja tu alimnyoshea mkono. Huyo alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa asili ya Maniema, mwenye malori mawili ya samaki, mzee mnene mwenye kanzu, ambaye alikuja mwenyewe kuangalia magari yake yakipakwa rangi. "Kifo ni cha Mungu, ndugu yangu," alimwambia, "hakikai mkononi." Baba wa Chini alimshukuru, lakini akakunja ngumi na kumpa kifundo cha mkono tu, asije akamgusisha kiganja. Yaani hata alipopata mtu asiyeogopa, aliogopa kwa niaba yake.

Kwa nini bukwe walikataa? Hapa ndipo mdomo wangu unapoingia.

Mke wake alikuwa ameugua muda mrefu, akarudi kwao Mulongo kutunzwa na mama yake. Siku moja lori la samaki likaleta ujumbe: amezidiwa, anamwita mume wake. Siku zile mfanyakazi hakuondoka kituoni bila karatasi ya ruhusa. Baba wa Chini akaenda kuiomba. Lakini uani kulikuwa na lori lililotakiwa kuonyeshwa kwa wakubwa waliotarajiwa kufika kutoka Elisabethville. Mzungu akaniita katikati ya uwanja na kuniuliza kwa Kiswahili chake, "Ule mwingine hawezi kusafisha hii?"

Alikuwepo mwingine, aliyeosha magari upande wa nyuma. Hakuwa hodari, lakini kwa lori lile kazi yake ingetosha. Nililijua hilo. Lakini nilitaka lori lile liwe zuri kuliko yote niliyowahi kupaka, nilikuwa nimeshaliona kichwani likimetameta mbele ya wakubwa, na nikajiambia kwamba wagonjwa hungoja. Nikajibu kwa sauti, ili kila mtu asikie kwamba nami nina la kusema:

"Hapana, Bwana. Bila ule muntu, minyi sipake. Hakuna mwengine mu Kamina yote."

Ulimi hauna mfupa. Mzungu akasema karatasi itatolewa lori likiisha.

Alilisafisha kwa siku nne. Haijapata kutokea kazi kama ile. Maji yalitandaa mara ya kwanza, kila mahali, mpaka kwenye pembe ambazo hakuna mkubwa wala mdogo angeinama kuziona. Siku ya tano alipewa karatasi, akapanda lori la samaki, yeye aliyeogopa magari. Alipofika Mulongo walikuwa wamezika jana yake. Kaka wa marehemu alimngojea mwanzo wa kijiji. Alichomwambia tulisimuliwa na dereva: "Ulikuja kuangalia kaburi. Ile pale. Iangalie, urudie ku kamyo yako," yaani kwenye malori yake. Hakuna aliyemletea maji.

Alirudi na gari lile lile. Asubuhi yake nilimkuta chini ya lori, akigonga kwa gongo lake la mti.

Miaka tisa ilipita hivyo. Sijui kama yeye aliihesabu, mimi niliihesabu. Kila aliponiambia "Haya, Bwana Rangi," nilijiuliza kama anajua. Hakuna dalili aliyoionyesha. Hakupunguza kazi, hakuongeza ukali, hakuacha hata tone moja la grisi ambalo lingeharibu rangi yangu na jina langu. Kama angeniharibia mara moja tu, ningelala vizuri zaidi.

Kisha siku moja, mwishoni mwa masika, dereva wa yule mzee wa Maniema alifika na habari. Mama mkwe alikuwa amezeeka, macho yake yamekwisha, na alitaka jambo lile liishe kabla hajafa. Alisema mume wa binti yake aje, aoshwe. Yule mzee wa Maniema mwenyewe alikuwa ameshatoa kiti cha mbele, karibu na dereva, bila kuombwa.

Nilivuka uwanja nusu nikikimbia. Sijawahi kufurahi hivyo kwa habari ya mtu mwingine. Alikuwa chini ya lori; nilichoona ni nyayo zake mbili tu. Nikaziambia nyayo habari yote.

"Nilisikia," akasema. "Balishaitaka minyi mara mbili mbele ya hii. Sitaenda."

Mara mbili walikuwa wamemwita! Na sisi wote tulikuwa tukiwalaani bukwe wake kwa roho ngumu. Nikamuuliza kwa nini. Chuma kiliendelea kukwangua. Nikaona kwamba kama sisemi siku ile, sitasema tena. Nikachuchumaa.

"Baba," nikasema, "minyi njo nilikuzuiaka. Ile siku Mzungu aliniuliza. Minyi njo nilikatala."

Chuma kikanyamaza.

"Nilikusikiaka," alisema. "Nilikuwa papa hapa, chini ya ile kamyo."

Kumbe alijua. Miaka yote tisa. Nikasema kilichobaki, maana ukishavua nguo huna budi kuoga: "Na ilikuwa bongo, uongo mutupu, Baba. Ule mwengine angeweza ile kazi."

"Ule?" Sauti yake ilipanda, kama mtu aliyetukanwa. "Ule anaachaka grisi mu makona! Hapana. Weye ulisemaka kweli."

Akarudi kukwangua. Nilidhani yamekwisha. Kisha akaanza kusema polepole, nami nikainamisha kichwa mpaka karibu na ardhi ili nimsikie.

"Unajua nilifanyaka nini, nilipokusikia? Nilifurahiaka. Bibi yangu alikuwa ananiita kule, na minyi nimelala hapa mu giza, nacheka peke yangu. Hakuna mwengine mu Kamina yote! Hakuna siku muntu alinisemeaka vile. Ningeweza kutoka ile mangaribi na miguu, bila karatasi. Bengine balikuwa banatoka, haikuwa mara moja. Minyi nilibakia. Nilitaka kamyo itoke muzuri." Akavuta pumzi. "Ile mama anataka kunisukula. Yeye hajue nini iko ndani. Maji ya juu-juu, minyi naijua. Haitoe kitu."

Kusukula ni kuosha, kwa lugha yetu ya huku. Neno hilo alilitumia kila siku kwa malori, na hapo ndipo nilipofahamu kwamba si bukwe waliomnyima kuoshwa, wala si mimi peke yangu: alijinyima mwenyewe.

"Basi ubaambie," nikasema.

"Nikibaambia, batanifukuza. Mbele ya bantu bote."

"Labda."

Niliondoka pale nikidhani nimeharibu kwa mara ya pili. Lakini alfajiri ya siku ya safari alikuja na shati lake la Jumapili. Alimpa dereva kifundo cha mkono, akapanda, akakamata mlango kwa mikono yote miwili kabla gari halijaanza hata kutikisika. Nilitaka kumwambia nitamsindikiza. Alinikatiza kwa macho. Nilisimama pale mpaka lori likapotea upande wa stesheni, na siku nane zilizofuata sikupaka kitu cha maana. Niliwaza kaka yule mwanzo wa kijiji. Niliwaza mzee wa watu akitimuliwa kwa sababu nimemshauri aseme.

Lori liliporudi, kwanza nilitazama kichwa cha Baba wa Chini. Kilikuwa kimenyolewa. Nyuma ya sikio palibaki alama ya pemba nyeupe. Yeye mwenyewe hakusimulia, lakini dereva alishuhudia yote, akatueleza. Baba wa Chini alipiga magoti mbele ya ukoo mzima kabla maji hayajaguswa, akasema yale aliyoniambia mimi, bila kupunguza, mpaka kicheko kile cha gizani. Kaka wa marehemu alisimama akapiga kelele. Wengine wakachukua viti vyao kuondoka. Yule mama asiyeona akauliza, "Alifurahi sababu ya kazi yake?"

"Ndiyo, Mama," akajibu mwenyewe.

Mama akacheka kidogo, kwa machozi. "Mutoto yangu alikuwaka anajisifu na ile kazi hapa kila siku. Alisema bwana yake, maji inamutii. Alitusumbua nayo mpaka tulichoka." Kisha akanyosha mkono hewani. "Muniletee maji." Alimwosha kwa mikono yake, kuanzia kichwani, akichukua muda wake, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Jumapili iliyofuata nilimwalika kwangu. Mke wangu alichinja kuku. Ilikuwa mchana, milango yote wazi, na majirani wakipita makusudi kuja kushuhudia. Baba wa Chini alinawa katika beseni moja nasi, akakata bukari, ugali wetu, kutoka sahani moja nasi, akapewa firigisi kama mgeni wa heshima. Watoto wangu walimng'ang'ania magotini wakimwomba awaambie lori gani lilikanyaga nyoka. Alisema "wafwako" kwa mke wangu, asante ya Kiluba, mara tatu au nne, na kila mara mke wangu aliinamisha macho, kwa sababu alikumbuka alichowahi kusema. Mimi nilikuwa nimejaa furaha mpaka kooni. Nilijiona mtu aliyemaliza kazi. Nilikuwa nikizungumza bila kukoma, nikimpangia kwamba sasa ataingia kanisani, sasa atakaa nasi saa sita, na kwa nini asitafute mjane mmoja mwenye tabia nzuri, wapo wengi.

Jua lilipoanza kulegea nilimsindikiza. Alikaa mtaa wa pili kutoka kwetu, nyumba ya chumba kimoja iliyopakwa chokaa. Miaka yote ile nilikuwa nimeipita bila kusimama. Njiani watu walimwita, wakampa mkono, naye akautoa wote, kiganja na vidole. Tulipofika, alisimama mlangoni bila kuufungua. Nikadhani anataka kunishukuru.

"Bwana Rangi," akasema, "unajua, kila siku nikifika hapa, nilikuwa nasema, 'Mama, nimerudia.' Bibi yangu alikuwa humu. Lufu yake ilikuwa na minyi, tulikuwa babili. Nilikuwa namuelezea kamyo ilitoka wapi, tope iko ya rangi gani. Bantu balikuwa banasema, ule muzee iko peke yake." Alitikisa kichwa, akitabasamu. "Minyi nilikuwa nabaonea huruma."

Nikautazama mlango uliofungwa.

"Sasa balimutoa. Balifanya muzuri, sikatale. Ile mama alifanya muzuri. Na weye pia." Aliweka kiganja juu ya mlango. "Lakini leo njo niko peke yangu."

Nilitaka kumwambia arudi kwangu, alale, akae mpaka atakapotaka. Nilitaka kumwambia watoto. Maneno yote niliyokuwa nayo mchana kutwa yalikuwa yamekwisha, na lile moja lililohitajika sikulipata, hata leo sijalipata.

Akasukuma mlango. Akasimama kizingitini kidogo, akaifungua midomo yake kwa mazoea, akaifunga tena. Kisha akaingia, akarudisha mlango taratibu, nami nikiwa bado nje nikasikia kiti kikiburutwa, na baada yake hakuna sauti yoyote.